Kitunguu kilime Dodoma, kiazi kifuate Njombe

Ukiwa na ekari moja ya bondeni Dodoma, kisima na pampu, zao lako la kiangazi ni kitunguu. Najua jiji limejaa vibanda vya chipsi, na gunia la viazi mviringo likishushwa sokoni Majengo halikai. Ndiyo maana wazo la kupanda viazi hivyo hapahapa huwajia wengi. Nawasihi waliache. Kiazi mviringo hutunga vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Usiku ukizidi nyuzi 20 hivi, mmea hupeleka nguvu kwenye majani na mashina. Shamba linapendeza kwa macho, lakini ukichimbua unakuta viazi vichache tena vidogo. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Baridi yetu ya Juni na Julai ni nzuri, ila zao lenyewe linataka siku 90 hadi 120, na maji yote unayatoa ardhini kwa dizeli au umeme. Mkulima wa Njombe, aliye juu ya mita 1,800, anapewa baridi na mvua bure. Halafu kuna mbegu: ekari moja ya viazi hula kilo 800 hivi za mbegu, ekari moja ya vitunguu hula kilo moja na nusu au pungufu. Huwezi kushindana na mkulima wa Njombe kwenye zao lake.

Kwenye kitunguu mambo yanageuka. Mvua za Dodoma ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Mei hewa inakauka kabisa. Magonjwa makubwa ya kitunguu ni ya ukungu, na ukungu unahitaji jani lililolowa. Zaidi ya hapo, kitunguu kilichovunwa kinataka kukaushwa shingo, yaani pale majani yanapoungana na kitunguu, na hewa yetu ya Septemba inaifanya kazi hiyo bila gharama. Tazama maeneo yaliyojijengea jina kwa kitunguu: Singida, Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, Ruaha Mbuyuni. Yote ni makavu.

Kabla ya mbegu, maji

Kosa linalowagharimu wengi huku kwetu huanzia kisimani. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na kitunguu ni miongoni mwa mboga zinazoumia upesi kwa chumvi. Nunua au azima kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi ya maji, kichovye kwenye glasi ya maji ya kisima chako. Kikisoma 0.8 dS/m au chini, endelea bila wasiwasi. Kwenye 1.2 mavuno hupungua kwa asilimia 10 hivi, kwenye 1.8 unapoteza robo, na kwenye 2.9 unapoteza nusu, hata ukitunza shamba vizuri namna gani. Vipimo vingine huandika mS/cm, ni kitu kilekile. Vile vinavyosoma µS/cm, gawanya kwa 1,000. Pima Mei, kisha pima tena Septemba, kwa sababu kisima au bwawa linalopungua maji huzidi kuwa na chumvi, na Septemba ndipo vitunguu vya wengi bado viko shambani.

Kama huna kipimo, tazama ardhi. Unga mweupe unaobaki kingoni mwa jaruba (kipande cha shamba chenye kingo za kushikilia maji) maji yakikauka ni chumvi, na ncha za majani zinazoungua kuanzia juu kwenye shamba zima kwa usawa si ugonjwa; usizipulizie dawa. Maji yenye chumvi kiasi yanaweza kutumika kwa masharti mawili. La kwanza, panda kwenye majaruba ya kuzama, si kwenye matuta ya kuinuka: kwenye tuta maji hupanda juu kwa unyevu, hukauka kileleni, na chumvi hubaki palepale ulipopanda mche. La pili, mara mojamoja mwagilia kupita kiasi cha kawaida ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kwenye kitalu, hata hivyo, usijaribu. Mche mchanga hauvumilii. Maji ya kitalu ni machache, bora uyafuate kwenye kisima kizuri kwa guta au kirikuu.

Hesabu ya pili ni wingi wa maji. Kitunguu kinahitaji milimita 350 hadi 550 za maji tangu kupandwa hadi kuvunwa. Milimita moja kwenye ekari ni lita 4,047, kwa hiyo milimita 450 ni lita milioni 1.8. Ongeza yanayopotea mferejini na pembeni mwa majaruba, weka milioni 3. Sasa rudi kwenye kisima: kikitoa lita 2,000 kwa saa, lita milioni 3 ni saa 1,500 za pampu, ukigawa kwa siku 100 za shambani unapata saa 15 kila siku. Hilo halifanyiki. Kisima hicho ni cha nusu ekari au chini ya hapo. Kisima cha lita 5,000 kwa saa kinaimudu ekari kwa saa 6 kwa siku. Fanya hesabu hii kabla hujalipa trekta, kwa maana shamba linalokosa maji wiki ya saba, vitunguu vikiwa ndiyo vinavimba, halirudi.

Mbegu na kitalu

Hapa tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Kuna aina za vitunguu zinazohitaji mchana wa saa 14 au zaidi ndipo zivimbe. Ukizipanda Dodoma utapata majani mazuri na shingo nene, kitunguu hakuna. Kwa hiyo mbegu ya kwenye mtandao yenye picha ya kitunguu kikubwa cha Ulaya iache. Red Bombay, Red Creole na Mang'ola Red zimezoea huku. Na chotara zinazouzwa kwa wakulima wa kanda hii zipo, muulize muuzaji wazi kama ni za mchana mfupi. Soko la Dodoma linataka chekundu, kigumu, cha ukubwa wa kati. Kikubwa mno kinamsumbua muuza rejareja, kwa sababu fungu linakuwa na vitunguu viwili na mteja anaona amepunjwa.

Mbegu ya kitunguu huzeeka haraka. Ikikaa mwaka mzima kwenye duka lenye joto, uwezo wake wa kuota unaweza kuwa umeshuka sana hata kama pakiti inang'aa. Soma tarehe, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kisha jaribu mwenyewe: hesabu mbegu 100, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke ndani ya nyumba, zihesabu siku ya kumi. Zikiota 80, kilo moja hadi kilo na robo inatosha ekari. Zikiota 60, ongeza mbegu. Chini ya 50, zirudishe. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa siwezi kumshauri mtu anunue. Kilo moja ya mbegu ni sehemu ndogo ya gharama zote, na kila kinachofuata kinasimama juu yake.

Kitalu kisiwe mapema mno. Ukisia katikati ya Machi hadi Aprili mwanzoni, miche inaingia shambani Mei mvua zikiwa zimekwisha, na mavuno ni Agosti mwishoni hadi Septemba. Andaa vitalu 20 vya mita 1 kwa mita 10. Kila kitalu kipe ndoo mbili au tatu kubwa za samadi iliyooza kabisa (samadi mbichi huunguza miche na huleta sota, funza wanaokata miche), chora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, sia gramu 50 hadi 60 kwa kitalu, kwa kina cha sentimita moja. Funika kwa nyasi kavu. Mbegu huota siku ya 7 hadi ya 10. Ziondoe nyasi jioni, siku ileile unapoona miche ya kwanza, usingoje yote, maana iliyoota chini ya nyasi hurefuka na kulala.

Miche ikianza kuanguka kwa mafungu huku shina likiwa limelainika usawa wa udongo, hicho ni kinyaushi. Kinaletwa na kusia kwa kubanana na kumwagilia jioni udongo ukalala umelowa. Mwagilia asubuhi, punguza miche iliyosongamana, na sehemu iliyoathirika usiimwagilie siku mbili. Kwa kawaida hapo kinasimama bila dawa.

Shambani

Miche iko tayari wiki ya 6 au 7, ikiwa na unene unaokaribia penseli. Usiisubiri inenepe zaidi. Mche mnene ukikutana na usiku wa baridi wa Juni na Julai hutoa bua la ua badala ya kuvimba, na kitunguu chenye bua kina mti mgumu katikati. Kinaoza upesi ghalani na mnunuzi anakitupa pembeni. Ukiona mabua machache, vuna vitunguu hivyo na uviuze vibichi siku hiyohiyo. Kukata ua hakuondoi mti ulio ndani.

Jaruba la mita 2 kwa 3 au 4 linatosha, na jambo kubwa ni usawa wa sakafu yake. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita tano, huko miche itakaa kwenye maji na upande wa pili itakauka, na hakuna namna ya kumwagilia itakayowapatanisha. Tandaza samadi tani 4 hadi 8 kwa ekari wiki mbili kabla, na siku ya kupanda changanya mbolea ya DAP kilo 50 kwa ekari kwenye udongo. Nafasi ni sentimita 15 kati ya mstari na mstari, 10 kati ya mche na mche. Kwa nafasi hiyo, ukitoa kingo na mifereji, ekari inabeba miche 200,000 hivi. Fukia mizizi na sentimita 2 tu za shina. Mche uliozamishwa hutoa kitunguu chembamba kirefu. Wapandaji wengi hulipwa kwa jaruba, hivyo pita nyuma yao kila saa: miche miwili kwenye shimo moja ni vitunguu viwili vilivyobonyea, vinavyoishia daraja la mwisho.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu. Maji kidogo mara kwa mara hufaa kuliko mafuriko ya mara moja kwa wiki. Udongo wa kichanga, kila siku ya tatu. Wa mfinyanzi, kila siku ya tano hadi ya saba. Udongo uliokauka hadi ukapasuka kisha ukamwagiwa maji mengi huvipasua vitunguu au kuvifanya vigawanyike pande mbili.

Palizi ni wiki ya 3 na wiki ya 6, kwa mkono au kijembe kidogo. Majani ya kitunguu hayatii kivuli, kwa hiyo magugu hayashindwi yenyewe kamwe. Usipandishie udongo shinani kama unavyofanya kwenye mahindi. Kitunguu kinataka mabega yake yawe nje. Mbolea ya kukuzia gawa mara mbili zilezile: kilo 25 za urea wiki ya 3, na wiki ya 6 kiasi hichohicho, au badala yake mbolea ya SA kilo 50, ambayo ina salfa inayokipa kitunguu ukali. Baada ya wiki ya 7, simamisha nitrojeni. Hili linavunjwa na wakulima wengi kuliko jingine lolote, kwa sababu urea ya wiki ya 10 inaonyesha majani ya kijani yanayovutia. Inachofanya kwa kweli ni kuiacha shingo wazi na nene. Haifungi, haikauki, na kuvu huingia kupitia hapo. Kitunguu kilichooza ghalani Novemba, mara nyingi chanzo chake ni mbolea ya Agosti.

Mdudu wa kiangazi ni thiripsi. Ni mwembamba, wa rangi ya manjano au kahawia, urefu wake hauzidi milimita mbili, na hujificha kule katikati majani machanga yanapokutana. Dalili ni michirizi myeupe ya kung'aa juu ya jani. Kwa kuwa amejificha, dawa inayopuliziwa juu juu haimfikii. Elekeza bomba kwenye kitovu cha mmea, pulizia jioni, na ongeza gundi ya dawa, kwani jani la kitunguu lina nta na matone huteleza. Usirudie kiuatilifu cha kundi moja zaidi ya mara mbili mfululizo. Thiripsi hujenga usugu haraka. Hakikisha chupa ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa pale uziheshimu. Kitunguu kinaliwa kibichi kwenye kachumbari.

Magonjwa nitayapita upesi, maana kwa ratiba ya Mei hadi Septemba hayasumbui sana. Baka la zambarau huanza kama doa jeupe dogo lililozama, likakua na kuwa na kitovu cha zambarau. Ubwiri vinyoya huleta utando wa kijivu asubuhi. Mankozebu, dawa ya ukungu, ikipuliziwa mapema, dalili za kwanza zinapoonekana, husaidia. Anayepanda kitunguu masika ili awahi bei nzuri ya msimu wa uhaba, yeye ajue kwamba haya ndiyo mapambano yake ya kila wiki, na aweke bajeti ya dawa mara mbili.

Kuvuna na kukausha shingo

Kitunguu hukomaa siku 90 hadi 110 baada ya kupandikizwa. Majani huanguka yenyewe shingoni. Nusu ya shamba ikilala, funga maji. Baada ya wiki mbili hivi, ng'oa. Kuyakanyaga au kuyabingirishia pipa majani yaliyosimama ili yalale ni kuivunja shingo kabla haijafunga.

Vitunguu vilivyong'olewa vilaze kwa mistari, majani ya mstari mmoja yakifunika vitunguu vya mstari wa pili. Jua la Septemba huunguza: kitunguu kilichokaa uchi mchana mzima hutoka na upande uliopauka na kulainika, na upande huo ndio utakaooza. Siku 3 hadi 5 shambani kwa mtindo huo, kisha siku 7 hadi 10 kivulini penye upepo, vikiwa vimetandazwa bila kurundikwa. Vimekuwa tayari pale shingo unapoibana kwa vidole ikawa kavu, haitelezi, na maganda ya nje yanachakarika. Hapo ndipo ukate majani, ukiacha sentimita 2 hadi 3 za shingo. Ukikata mapema, au ukakata hadi kwenye kitunguu, umefungua mlango. Mikono ikivirusha vitunguu kwenye ndoo kutoka mbali, kila kimoja kinapata jeraha usiloliona leo. Utaliona baada ya wiki tatu.

Chambua hapohapo kwa mafungu manne: vya kuweka, vya kuuza sasa, vyenye shingo nene au bua, na vilivyojeruhiwa. Mafungu mawili ya mwisho yaende sokoni ndani ya siku chache, kwa bei yoyote iliyopo.

Ghala la vitunguu halihitaji saruji. Nguzo za miti, kichanja cha fito kilichoinuka nusu mita kutoka chini, kuta za fito au wavu zinazopitisha upepo, paa la nyasi lenye michirizi mirefu ya kuzuia jua la pembeni. Paa la bati peke yake ni tanuri. Likiwepo, weka nyasi chini yake. Tabaka la vitunguu lisizidi sentimita 40. Kitunguu huchipua upesi zaidi kwenye nyuzi 10 hadi 20. Kwenye nyuzi 25 hadi 30 na hewa kavu hulala. Joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, ambalo watu huliogopa, linakisaidia mradi upepo upite. Adui ni mvua ya kwanza ya Desemba, unyevu ukipanda. Pitia kila baada ya wiki mbili, toa vilivyolainika.

Je, kuweka kunalipa? Tuseme bei ya shambani leo ni shilingi 800 kwa kilo. Ukiweka miezi mitatu, kitunguu kitapoteza uzito wa maji na vingine vitaoza. Chukulia jumla robo. Gawanya 800 kwa 0.75, unapata 1,067. Chini ya bei hiyo, pamoja na posho ya mlinzi na wachambuaji, umefanya kazi ya bure. Ikiwa bado unadaiwa, uza nusu wakati wa mavuno, weka nusu.

Mizani

Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo, lakini lumbesa bado inasukwa shambani mchana kweupe. Hesabu yake iandike ukutani: umeuza magunia 60, kila moja limeshonewa kilemba likafika kilo 130. Umetoa kilo 1,800 bila malipo. Hayo ni magunia 18, na pengine ndiyo yalikuwa faida yako yote. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 150 wakulima watano wanaweza kuchangia. Uza kwa kilo. Dalali akisema soko la mjini halijui kilo, mwambie apige hesabu yake ya gunia, wewe pokea kwa mizani. Mwenye fuso anayerudi Dar es Salaam nusu tupu ataelewa haraka kuliko anavyojifanya.

Kabla dalali hajafika, piga simu kwa watu wawili: mmoja Dodoma mjini, kwenye Soko la Job Ndugai au Majengo, mwingine soko la Misuna, Singida. Misuna hukusanya wanunuzi wakubwa wa vitunguu, hata wa kutoka nchi jirani, na bei yake ndiyo wengi wa kanda hii wanaitazama. Umbali wa kilomita 240 hivi kutoka Dodoma hauwezi kuhalalisha kila tofauti ya bei atakayokutajia dalali. Pakia kwenye magunia ya wavu. Kiroba cha plastiki kisichopumua kinatokwa jasho, na safari ya siku moja inatosha kuharibu kazi ya miezi mitano.

Sasa viazi

Anayeuza vitunguu mara nyingi ana mtaji na wateja walewale wa kuuza viazi, na ni biashara nzuri kwa miezi ambayo shamba limepumzika. Njia ni Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa, kisha Mtera hadi Dodoma, jumla karibu kilomita 500. Viazi vinashuka kutoka baridi ya milimani hadi joto la bonde la Mtera, na hapo ndipo vinapoharibikia.

Kazi ya kwanza iko shambani. Sugua kiazi kwa kidole gumba, kwa nguvu. Ganda likivuka, hakijakomaa. Kilitakiwa kikatwe majani na kuachwa ardhini siku 10 hadi 14 ganda ligande. Kiazi cha namna hiyo kitafika kimechubuka, cheusi, na chipsi zake hubadilika rangi haraka kwenye mafuta kwa sababu sukari bado ni nyingi. Kisha kata viazi vitano kutoka sehemu tofauti za shamba, si kutoka juu ya gunia ulilowekewa. Vibane. Ukiona ute mweupe kama usaha ukitoka kwenye duara lililo karibu na ganda, au udongo umenata kwenye macho ya kiazi, huo ni mnyauko bakteria. Shamba hilo liache lote, hata kama bei ni nusu. Ndani ya gunia kimoja kikioza, maji yake huozesha vya jirani. Tafuta vitobo vyenye vumbi la kinyesi cha nondo wa viazi pia, kwani joto la Dodoma litamzidisha.

Usikubali viazi vilivyooshwa wala vilivyochimbwa kwenye tope la mvua ya asubuhi. Vipakiwe vikavu, kwenye magunia ya kilo 100 au, bora zaidi, ya 50. Gunia la lumbesa la kilo 140 haliinuliwi, linaburutwa na kudondoshwa, na kiazi kilichopasuka ndani hakionekani mpaka kimenuka. Turubai lifunike jua na mvua lakini liache pengo la upepo pande zote. Kiazi kinapumua, kikibanwa kwenye joto la nyuzi 35 bila hewa, hufa katikati. Nje ni kizima, ukikikata moyo ni mweusi. Mteja wa chipsi akikutana na gunia moja la hivyo harudi, na ana haki. Ondoka Njombe jioni, pita Mtera usiku, shusha Dodoma alfajiri.

Hesabu, kwa mfano: kilo imenunuliwa 600, usafiri 120, kupakia, kushusha na ushuru 40. Ni 760. Ukipoteza asilimia 8, gawanya kwa 0.92, gharama yako halisi ni 826. Ukipoteza asilimia 20, ni 950. Gari lilelile, bei ileile ya kununulia, tofauti ya shilingi 124 kwa kila kilo, yote imetoka kwenye namna ya kuchagua na kusafirisha. Dai risiti ya ushuru wa halmashauri unakonunua na uitunze hadi umeshusha, vizuizi ni vingi.

Dodoma vinataka giza, ubaridi na hewa. Kiazi kinachokaa kwenye mwanga siku chache huwa kijani, huwa kichungu, na sehemu hiyo ina sumu. Kukichemsha au kukikaanga hakuiondoi. Usivipange juani mbele ya genge. Chumba chenye sakafu ya udongo, madirisha yaliyozibwa mwanga na kuachwa tundu za juu na chini, magunia yakiwa juu ya chaga, vinakaa wiki moja hadi mbili bila shida. Zaidi ya hapo unacheza bahati, kwa hiyo nunua mzigo unaoweza kuumaliza kwa siku kumi. Na usiviweke chumba kimoja na vitunguu. Kiazi kinatoa unyevu ambao kitunguu kitaunywa na kuoza, na ukifungua madirisha kwa ajili ya kitunguu umekiletea kiazi mwanga.

Wauza chipsi wa maeneo ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mjini wanachagua viazi virefu kiasi, vikubwa, vyenye macho yasiyozama, kwa kuwa kumenya ni muda na taka ni hasara. Watengee hivyo kwa bei ya juu na uwapelekee mara mbili kwa wiki, gunia dogo dogo, wasilazimike kuvihifadhi kibandani karibu na jiko. Vya kati vinawatosha mama lishe na familia, kwa ndoo au kwa kilo. Vidogo vinanunuliwa na wanaopika viazi vya urojo na vya kuchemsha na maganda. Viuze asubuhi ya siku ileile gari linaposhusha, kabla havijalegea.